Chumba na Sebule Jackson Heights: Mwongozo Kamili wa Kununua Nyumba ya Ushirika New York

Tangazo lenyewe ni mistari minne. Chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko lenye dirisha, ghorofa ya tatu, bustani ya ndani. Dola 360,000, ada ya mwezi 850. Chini yake kuna picha ya sakafu ya mbao iliyopigwa nta, jua la asubuhi limelala juu yake. Ukiwa umepanga Queens miaka kama niliyopanga mimi, unapiga hesabu papo hapo: kwa pango ninalotoa, si ningekuwa na changu?

Tulia kwanza. Kwenye nyumba ya ushirika, au ko-opu kama watu wa hapa wanavyosema, hupewi hati miliki ya nyumba. Unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, na hisa hizo ndizo zinazokupa haki ya kupangishwa nyumba yako na kampuni ambayo nawe ni mmoja wa wenyewe. Aliyekulia kwenye familia ya wakulima wa kahawa wa ushirika, au aliyewahi kukopa SACCOS, ataelewa haraka kuliko Mmarekani mwenyewe. Ushirika ukidaiwa, nawe unadaiwa. Mwenzako asipolipa, pengo mnaliziba ninyi mliobaki. Ndiyo maana wanachama wanakukagua mfuko kabla ya kukupokea, na wewe una kila sababu ya kuukagua wao. Wanunuzi wengi hujiandaa kukaguliwa tu.

Mifano nitaichukua Jackson Heights, mtaa wa hapa Queens, kwa sababu ndiko ninakokaa. Taratibu ni zilezile Brooklyn Heights au Greenwich Village. Bei ndiyo itakayokutoa machozi.

Mtaa wenyewe

Hapa palikuwa mashamba. Daraja la Queensboro lilipofunguliwa mwaka 1909, kampuni ya Queensboro Corporation chini ya Edward MacDougall ilianza kuyanunua, na treni ilipofika mwaka 1917 wakawa wanajenga kwa kasi. Walichobuni ni majengo ya matofali yanayozunguka kitalu kizima na kuacha bustani katikati, mahali ambapo mpita njia haoni kitu. Linden Court, la mwaka 1919, ni kati ya ya kwanza, na The Chateau na The Towers yakafuata miaka ya 1920. Ukipita 34th Avenue utaona ukuta na madirisha tu. Ukiingia kwa mwenyeji ukachungulia upande wa nyuma, kuna miti mirefu, nyasi, na kimya ambacho hukutarajia kukikuta dakika tano kutoka Roosevelt Avenue. Mara moja kwa mwaka, mwezi Juni, baadhi ya bustani hizi hufunguliwa kwa wageni. Nenda, hata kama hununui.

Na hili lisemwe wazi: nyumba hizi zilipouzwa kwa mara ya kwanza, Mwafrika na Myahudi hawakuruhusiwa kununua. Utaratibu wa wakazi kumpitisha au kumkataa mnunuzi ulikuwa chombo kizuri sana cha kazi hiyo. Leo 74th Street ni ya Wahindi na Wabangladeshi, ukitembea kuelekea 37th Avenue unapishana na Wakolombia na Watibeti, na sisi tunapata unga wa chapati, iliki na nazi bila kupanda treni. Bodi, yaani kamati za wakazi zinazompitisha au kumkataa mnunuzi, zimebaki, sheria ndiyo imebadilika. Nitairudia hiyo sheria tukifika kwenye usaili.

Sehemu kubwa ya mtaa ilitangazwa eneo la kihistoria mwaka 1993. Kwa mnunuzi maana yake ni moja: sura ya nje ya jengo si mali yenu peke yenu. Kubadilisha dirisha kunahitaji kibali cha Tume ya jiji ya Kuhifadhi Majengo ya Kihistoria. Aliyekuuzia akiwa aliweka madirisha ya plastiki bila kibali, kosa linabaki na jengo, na jengo litakugeukia wewe. Kwa hiyo ukiona madirisha ya nyumba moja hayafanani na ya majirani juu na chini, uliza kibali kiko wapi.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla ya kuangalia picha

Chukua tangazo letu la dola 360,000. Majengo mengi yanataka utangulize angalau asilimia 20, hata kama benki ingekubali pungufu. Hiyo ni 72,000. Mkopo unabaki 288,000. Kwa riba ya asilimia 6.5 na miaka 30, malipo ya mwezi ni kama dola 1,820. Ongeza ada ya jengo 850. Makazi yako yanakugharimu 2,670 kwa mwezi.

Ada ya jengo watu huiogopa bila kuitendea haki. Ndani yake kuna kodi ya majengo ya jiji, joto la kipindi cha baridi, maji ya moto, mishahara ya wafanyakazi, bima ya jengo, na rejesho la mkopo wa jengo lenyewe kama upo. Umeme huwa juu yako. Sehemu ya kodi ya majengo na ya riba iliyomo kwenye ada unaweza kuiombea nafuu kwenye ritani yako ya kodi. Kila mwaka jengo hutoa barua yenye takwimu. Mpe mhasibu, asiisahau.

Sasa vipimo viwili ambavyo bodi hutumia. Cha kwanza ni uwiano: bodi nyingi hazipendi makazi na madeni yako mengine yavuke asilimia 25 hadi 30 ya mapato kabla ya makato. Kwa asilimia 28, dola 2,670 zinadai mapato ya kama 9,500 kwa mwezi, yaani kama 114,000 kwa mwaka, na hapo huna mkopo wa gari. Cha pili ndicho kinachowaangusha watu wetu: akiba itakayobaki baada ya kulipa kila kitu. Jengo likitaka akiba ya gharama za makazi za mwaka mmoja, ni dola 32,000 ambazo huzigusi. Jengo gumu litataka ya miaka miwili. Pensheni ya kazini huenda wakaihesabu nusu au wasiihesabu kabisa. Jumlisha: 72,000 za kutanguliza, 32,000 za akiba, na kama 6,000 za wakili, benki na ada za maombi. Nyumba ya 360,000 inamtaka mtu mwenye 110,000 mkononi.

Kama umefika hapa na umevunjika moyo, uliza kuhusu nyumba zinazouzwa na sponsa, yaani yule aliyegeuza jengo kuwa ushirika na bado anamiliki nyumba kadhaa. Anapouza yeye, bodi kwa kawaida haina kauli. Utalipa bei ya juu kidogo na huenda ukabebeshwa kodi za mauziano ambazo kwa kawaida ni za muuzaji, lakini bodi haitakuuliza akiba. Upande wa pili, ukiona bei ya kushangaza, chumba na sebule kwa nusu ya bei ya mtaa, karibu kila mara ni ushirika wa HDFC, yaani wa nyumba za bei nafuu, wenye ukomo wa kipato. Soma masharti kabla hujapanda daladala ya furaha.

Afueni ipo moja, na madalali wa kondomini, yaani nyumba unazopewa hati miliki yako mwenyewe, hawaitaji. Kwenye ushirika mkopo wako unadhaminiwa kwa hisa, hakuna ardhi inayowekwa rehani, kwa hiyo hulipi kodi ya kusajili rehani. Kwenye kondomini jijini humu kodi hiyo ingekula asilimia 1.8 ya mkopo. Kwa mkopo wetu ni zaidi ya dola 5,000.

Kwa anayekwepa riba

Wengi wetu wa pwani hujiwekea fedha taslimu ili kuepuka mkopo wa riba. Ni vizuri, na bodi hupenda mnunuzi wa fedha taslimu. Ila majengo mengi yana mkopo wao wenyewe, na riba yake inalipwa kutoka kwenye ada yako ya mwezi hata kama wewe hudaiwi senti. Yapo yasiyo na mkopo, machache. Kama jambo hili linakugusa, liulize siku ya kwanza, kisha mpelekee shehe wako maelezo halisi ya jengo husika. Ukimuuliza kwa jumla jumla utapata jibu la jumla jumla.

Steitimenti zako zina hadithi, na utaulizwa uisimulie

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoangukia.

Bodi itasoma steitimenti zako za benki za miezi kadhaa, mstari kwa mstari. Benki nayo. Na steitimenti ya Mswahili wa ughaibuni haifanani na ya Mmarekani. Dola 300 kwa mama kila mwisho wa mwezi. Dola 150 msiba wa Tanga. Dola 200 harusi ya binamu, kadi ya mchango imekuja kwa simu na huwezi kukataa. Halafu, mwezi Machi, kwa mkupuo: dola 8,100 zimeingia.

Zile 8,100 zilikuwa upatu. Tulikuwa watu kumi, kila mmoja dola 900 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa imefika. Tisa mara mia tisa, maana hujilipi mwenyewe. Kwangu lilikuwa jambo la kawaida kama kupokea mshahara. Kwa watu saba wazima waliokaa kwenye chumba cha chini cha jengo fulani, ambalo silitaji, ilikuwa pesa iliyoingia kutoka simu tisa tofauti bila maelezo. Niliandika sentensi moja: akiba ya marafiki. Wiki tatu baadaye dalali akanipigia, sauti imepoa. Wamekataa. Sababu hawakutoa, kwa desturi hawatoi, lakini yeye alikuwa ameulizwa mara mbili kuhusu ule mwezi wa Machi.

Mara ya pili nilifanya hivi, nawe fanya hivyo. Barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa mweka hazina wetu, yenye saini na simu yake: kikundi kina watu wangapi, kiasi gani, kilianza lini, ratiba ya zamu. Pamoja nayo steitimenti zangu nikiwa nimepigia mstari wa kijani kila dola 900 zilizotoka. Msomaji aliona mwenyewe mtu anayetoa 900 bila kukosa mwezi. Kile kilichokuwa doa kikawa ushahidi wa nidhamu. Hakuna aliyeniuliza tena.

Njia rahisi zaidi ni kujitoa kwenye upatu mwaka mmoja kabla, au kupokea zamu mapema ili fedha zikae benki. Benki huuliza hasa fedha kubwa zilizoingia ndani ya miezi miwili ya mwisho. Msaada wa ndugu uandikiwe barua ya zawadi inayosema haurudishwi, na usiseme haurudishwi kama unarudishwa. Fedha ulizouza kiwanja Kigamboni zije na mkataba wa mauzo, tafsiri ya Kiingereza, na risiti ya benki ya kutuma. Noti kwenye begi hazisaidii kitu hapa.

Kuhusu fedha za mama: usizifiche wala usizione haya. Ziweke kwenye orodha ya matumizi yako kama wajibu wa kila mwezi. Mtu anayejua anatoa nini anaaminika kuliko anayeshtukizwa.

Na majina. Pasipoti inasema Ally, kadi ya ukaazi Ali, benki imeweka jina la babu kama la ukoo, kazini wamelikata. Kwetu ni mtu mmoja; kwa mkaguzi wa mikopo ni watu watatu. Kabla hujaomba chochote, chagua sura moja ya jina, ile ya kitambulisho chako cha serikali, na ukasahihishe kwingine kote. Kilichobaki kirekebishwe kwa kiapo mbele ya mthibitishaji kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Mimi yalinichukua wiki sita.

Kwenda kuiona

Nenda mara mbili: mchana wa Jumapili siku ya wazi, nyumba inapofunguliwa kwa watazamaji, kisha omba kurudi jioni ya siku ya kazi. Jioni ndiyo inayosema ukweli. Treni ya namba 7 hupita juu ya Roosevelt Avenue kwenye reli ya chuma, na nyumba yenye dirisha upande huo na yenye dirisha la bustani hazina bei moja wala usingizi mmoja. Uwanja wa ndege wa LaGuardia uko jirani. Simama kimya sebuleni dakika kumi, uhesabu ndege.

Majengo haya yana miaka mia. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, uone msukumo wa maji. Tazama dari ya chumba kilicho chini ya bafu la jirani. Duara la kahawia lililopakwa rangi mpya linaonekana ukiinamisha kichwa. Uliza umeme wa nyumba ni ampia ngapi, maana kiyoyozi na oveni ya umeme vikiwashwa pamoja vinaweza kuzidi waya za zamani. Nyumba ya kabla ya 1978 lazima ije na taarifa ya rangi yenye madini ya risasi, na kama una mtoto mdogo hiyo karatasi usiisaini ukiwa umesimama. Uliza kama gesi inafanya kazi jengo zima: jiji linataka mabomba ya gesi yakaguliwe kila baada ya miaka minne, na kasoro ikionekana gesi inaweza kufungwa kwa miezi. Kupika pilau la watu ishirini kwenye jiko la umeme la sahani moja ni adhabu.

Usibishane sana kuhusu ukubwa. Nyumba za ushirika kwa kawaida hazina futi za mraba rasmi. Namba ya kwenye tangazo ni makisio ya dalali. Beba futi kamba. Pima mahali kitanda kitakapokaa, na pima mlango wa lifti kabla ya sofa.

Kitu kimoja kuhusu dalali. Tangu 2024 utaombwa usaini mkataba wa maandishi na dalali wako unaoonyesha malipo yake. Soma ni nani atakayelipa, na kiasi gani. Dalali wa kwenye tangazo ni wa muuzaji, hata akikuita ndugu.

Wakili na vitabu vya jengo

Ofa ikikubaliwa hakuna kilichofungwa bado. New York, mpaka pande zote zimesaini mkataba, muuzaji anaweza kumpa mwingine. Kwa hiyo uwe na wakili tayari kabla ya ofa, na awe wa ushirika, asiwe yule aliyekushughulikia uhamiaji. Wengi hutoza kiasi kimoja kwa kazi nzima.

Kazi yake kubwa ni kwenda kusoma: taarifa za fedha za jengo za miaka miwili au mitatu, kumbukumbu za vikao vya bodi, waraka wa awali wa ushirika na marekebisho yake, sheria za nyumba. Mwambie unataka majibu ya maandishi, kisha soma mwenyewe. Hapa ndipo zamu yako ya kukagua.

Anza na mkopo wa jengo. Tuseme ushirika una hisa 20,000 na nyumba yako ina 300. Hiyo ni asilimia 1.5. Jengo likiwa na mkopo wa dola milioni 4, fungu lako ni 60,000. Nyumba ya 360,000 kwa kweli ni ya 420,000, na hizo 60,000 hakuna aliyeziandika kwenye tangazo. Kisha uliza mkopo unaisha lini na ni wa riba gani. Majengo mengi hulipa riba tu kwa miaka kumi, kisha hukopa upya. Ukikopwa kwa asilimia 3.5, riba ya mwaka ni 140,000. Ukija kukopwa upya kwa 6.5 ni 260,000. Nyongeza ya 120,000 mtagawana. Fungu lako ni 1,800 kwa mwaka, dola 150 juu ya ada kila mwezi. Nyumba mbili zinazofanana, ada sawa, moja mkopo wake unaiva mwakani na nyingine umebakiza miaka minane: usilipe bei moja.

Halafu akiba ya jengo. Jengo lenye nyumba 60 na dola 90,000 benki limebakiza boila moja kuharibika kabla ya kuwachangisha. Michango hiyo ya dharura utaiona kwenye kumbukumbu za vikao. Mwambie wakili atafute paa, boila, lifti, maji kupenya, kesi mahakamani, na neno kunguni. Atafute pia sheria ya jiji namba 97 ya mwaka 2019. Majengo yanayozidi futi za mraba 25,000 yamewekewa ukomo wa hewa ukaa tangu 2024, unakazwa 2030, na adhabu ni dola 268 kwa kila tani inayozidi. Majengo ya zamani yanayochoma mafuta au gesi kupata joto la mvuke yamo moja kwa moja kwenye njia ya sheria hii. Uliza bodi imepanga nini. Jibu la tunaliangalia ni jibu la ada kupanda.

Angalia pia wangapi wanadaiwa ada, na nyumba ngapi zinakaliwa na wenyewe. Benki zinaangalia haya haya. Jengo likishindwa kipimo chao, wewe hupati mkopo na siku ya kuuza mnunuzi wako naye hapati.

Mwisho, sheria za nyumba, na hapa soma kama Mswahili. Mama akija kukaa miezi sita, kwa mikataba mingi ni sawa kwa sababu mzazi ametajwa. Mtoto wa shangazi ni mgeni, na mgeni mara nyingi ana mwezi mmoja bila kibali. Kupangisha ukirudi nyumbani mwaka mzima kunaweza kukatazwa kabisa, au kuruhusiwa miaka miwili kati ya mitano kwa ada. Uliza ukifariki hisa zinakwendaje: mwenzi huwa na nafasi nzuri, lakini mtoto aliye Zanzibar anaweza kurithi hisa na bado bodi isimruhusu kuhamia. Andika wosia.

Ukisaini unaweka asilimia 10, dola 36,000 kwa mfano wetu, kwenye akaunti ya amana ya wakili wa muuzaji. Hakikisha mkataba una kifungu kinachokurudishia fedha benki ikikunyima mkopo. Bodi ikikukataa bila kosa lako unarudishiwa. Benki ikikunyima na kifungu hukuweka, zimekwenda.

Faili na usaili

Faili unalopeleka kwa bodi lina barua ya mwajiri, ritani za kodi za miaka miwili au mitatu, steitimenti, fomu ya mali na madeni, na barua za watu wanaokufahamu. Barua za kazini ni rahisi. Za marafiki, mkataze mtu kuandika ninamjua tangu utotoni, ni mcha Mungu. Aandike kuwa aliwahi kukaa kwako, unalipa kwa wakati, huna kelele. Barua ya mwenye nyumba wako wa sasa ina uzito kuliko ya imamu au padri, ingawa weka zote mbili.

Kila namba kwenye fomu ifanane na karatasi iliyo nyuma yake. Dola 41,212 usiziandike 41,000.

Ukiitwa kwenye usaili, mara nyingi ni ishara nzuri. Siku hizi wengi hufanya kwa video. Vaa vizuri, jibu kinachoulizwa, nyamaza. Tabia yetu ya kujaza kimya kwa hadithi itakugharimu. Usiseme utavunja ukuta wa jiko. Usiulize maswali ya fedha, wakili ameshayasoma. Mmoja aliniuliza kama napika sana. Nikasema ndiyo, na dirisha la jiko ninalifungua.

Sasa sheria niliyoiahidi. Bodi inaweza kukukataa kwa uwiano mbaya au faili chafu. Haiwezi, kwa sheria ya jiji, kukukataa kwa rangi, dini, asili ya nchi, hali yako ya uhamiaji, au kwa sababu kipato chako halali kinatoka mahali wasipopapenda. Ukiulizwa mnasali wapi au utarudi lini kwenu, andika tarehe, saa, na aliyeuliza, siku hiyohiyo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Haki za Binadamu ya Jiji la New York, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja.

Siku ya kukabidhiana, na usiku wake wa kwanza

Asubuhi ya siku hiyo rudi kwenye nyumba, washa kila taa, fungua kila bomba, hakikisha jokofu la kwenye mkataba bado lipo. Mezani utasaini hati ya upangaji na utapewa cheti cha hisa. Ukiwa na mkopo, cheti halisi kinakwenda benki nawe unabaki na nakala. Uliza ada ya kuhamia na siku zinazoruhusiwa, kwa sababu majengo mengi hayataki mizigo wikendi. Mpe supa, yaani msimamizi wa jengo, jina lako na mkono, na Desemba usisahau bahasha yake ya bakshishi.

Mimi nilihamia Novemba. Saa tisa usiku redieta ya chumbani ikaanza kugonga kama mtu anayepiga bomba kwa nyundo. Nilidhani jirani amekasirika. Asubuhi supa akaja, akaangalia valvu, akacheka. Nilikuwa nimeifungua nusu ili joto lipungue. Mfumo wa mvuke wa bomba moja haujui nusu: maji yanayorudi yanakutana na mvuke unaokuja, ndipo kelele. Iwe imefunguliwa yote au imefungwa yote, na joto likizidi unafungua dirisha, Januari, theluji nje, kama wanavyofanya watu wa jengo hili kwa miaka mia. Akaizungusha mpaka mwisho, akaweka kipande cha mbao chini ya mguu wa redieta ili maji yateremkie kwenye bomba, akaenda zake.